Lambo la Mtu Binafsi na Walio Bondeni

Lambo ni tuta la udongo lililojengwa kukatiza bonde ili maji ya mvua yasipite yote. Halina zege wala milango ya chuma. Mara nyingi udongo wake umesukumwa na tingatinga kutoka palepale lilipo, na kabla ya tingatinga ulichotwa kwa jembe na karai. Katika nyanda za Korogwe na Handeni neno hilo halihitaji kufafanuliwa. Vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba, masika kati ya Machi na Mei, na katikati yake kuna miezi ambayo vijito vingi hubaki mchanga mtupu. Handeni imeishi na shida ya maji kizazi baada ya kizazi, na hata mradi mkubwa wa HTM, unaovuta maji ya mto Pangani kutoka Korogwe, haujaliondoa lambo katika maisha ya watu. Ng'ombe hunywa humo, au kwenye mbauti, yaani hori la kunyweshea mifugo, iliyojengwa chini ya tuta. Bustani za nyanya na mchicha humwagiliwa kutoka humo. Shamba la mkonge nalo, likiwa na korona yake ya kumenya majani na kuosha nyuzi, hutumia maji mengi kuliko mtu asiyeiona kazi hiyo anavyodhani.

Kwamndolwa, moja ya kata za Halmashauri ya Mji wa Korogwe, inasaidia kuona kwa nini usalama wa lambo ni suala gumu. Ni kata ya mji kwa mujibu wa utawala, na bado ni nchi ya mashamba kwa maisha ya wengi. Mahali pa namna hiyo viwanja vya kujenga hupimwa mwaka hadi mwaka, huku mabonde na malambo yaliyochimbwa wakati hakuna aliyekaa karibu yakibaki yalipokuwa. Tuta halikusogea; watu ndio waliolisogelea.

Katika Tanzania Bara maji yote ni ya umma, nayo yako chini ya dhamana ya Rais kwa niaba ya wananchi. Ndivyo inavyosema Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Mtu binafsi anaweza kumiliki tuta na ardhi linapokaa, ila maji yaliyo nyuma yake huyatumia kwa kibali, na kwa upande wa Korogwe kibali hicho ni cha Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao yake Moshi. Sheria hiyohiyo inagusa usalama wa mabwawa, na mwaka 2013 zilitungwa Kanuni za Usalama wa Mabwawa. Kwa hiyo anayedai kwamba lambo ni lake na halimhusu mtu mwingine amekosea mara mbili: maji si yake, na njia yatakayopita yakitoroka si yake pia.

Ukubwa wa lambo hukadiriwa kwa hesabu nyepesi ambayo mkulima anaweza kuifanya kwa kamba na fimbo. Upana wa maji kwenye tuta huzidishwa kwa umbali ambao maji yanarudi nyuma bondeni, kisha kwa kina kilicho karibu na tuta, na jibu hugawanywa kwa 6. Lambo lenye upana wa mita 120, linalorudi nyuma mita 300 na lenye kina cha mita 4, lina takribani mita za ujazo 24,000. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Nyuma ya tuta ambalo mtoto hulipanda kwa kukimbia, basi, zimesimama tani 24,000. Wahandisi wana kanuni za kukadiria kasi ya maji hayo tuta likikatika, na kwa kipimo hiki kilele cha mafuriko hutoka kati ya mita za ujazo 60 na 70 kwa sekunde. Lambo zima linaweza kumalizika kabla wali haujaiva.

Tuta zuri huanzia chini ya ardhi. Kwanza majani, mizizi na udongo wa juu wenye mboji huondolewa. Kisha huchimbwa mtaro katikati ya msingi, kutoka ukingo hadi ukingo, mpaka kufikia udongo mgumu au mwamba, na mtaro huo hujazwa udongo wa mfinyanzi uliowekwa kwa tabaka nyembamba na kushindiliwa ukiwa na unyevu wa kadiri. Unyevu ndio siri ya kazi hii. Udongo mkavu haushikani hata ukikanyagwa siku nzima. Uliolowa sana huhamahama chini ya gurudumu. Tabaka moja lisizidi kiasi cha sentimita 20 kabla ya kushindiliwa. Upande wa maji tuta hulazwa zaidi, mara nyingi mita 3 za mlalo kwa kila mita moja ya kimo, na upande mkavu mita 2 au 2 na nusu. Juu yake huachwa njia pana, na kati ya njia hiyo na maji yanapofikia kimo chao cha juu kabisa lazima ibaki nafasi tupu ya mita moja hivi kwa ajili ya mawimbi na kwa ajili ya tuta lenyewe, kwa kuwa udongo huzidi kukaa chini miaka mingi baada ya tingatinga kuondoka.

Si kila udongo wa mfinyanzi unafaa. Upo udongo wenye chumvi nyingi ya sodiamu ambao ukiguswa na maji chembe zake huachana na kuelea kama maziwa. Kwa macho ni mgumu, na mafundi huusifu, lakini ufa mdogo ndani yake hugeuka kuwa shimo kwa siku chache. Kipimo chake hakihitaji maabara: donge kavu la ukubwa wa punje ya harage hutumbukizwa kwenye glasi ya maji safi na kuachwa limetulia. Likibaki donge, au likibomoka na kukaa chini huku maji yakibaki maangavu, hofu ni ndogo. Wingu la tope likianza kulizunguka, udongo huo usijengewe tuta bila ushauri wa mhandisi. Glasi moja ya maji ingeokoa malambo mengi.

Mbali na tuta, sehemu ya lambo inayostahili fedha kuliko zote ni utoro wa maji, yaani mfereji wa pembeni unaopitisha maji ya ziada lambo linapojaa. Wenye malambo wengi huuonea uchungu, maana wanaona maji yakienda bure. Wengine huuziba kwa magunia ya mchanga ili lambo lishike zaidi, na hapo wameondoa kitu pekee kilicholilinda. Hesabu inaonyesha sababu. Mvua ya milimita 100 kwa siku moja, ikinyesha juu ya eneo la kilomita moja ya mraba, huleta mita za ujazo 100,000. Theluthi moja tu ikitiririka, ni mita za ujazo zaidi ya 33,000, nazo zinazidi lambo lote la mfano wetu hata kama lilikuwa tupu asubuhi. Katika vuli ya 1997 na ile ya 2019 sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilipata mvua zilizojaza mabonde kwa namna hiyo, tena ardhi ikiwa imekwisha kushiba.

Maji yakipita juu ya tuta la udongo, hayalimomonyoi sawasawa. Hutafuta mahali palipoinama kidogo, labda njia ya ng'ombe au alama ya tairi, hukusanyika hapo, huanza kuchimba upande mkavu kutoka chini kwenda juu, na pengo likifika kwenye maji hakuna mkono wa mtu unaoweza kulizuia. Hii ndiyo njia ya kwanza ya vifo vya malambo. Ya pili ni ya siri zaidi: maji hupita ndani ya tuta, yakifuata mzizi uliooza, shimo la panya, kichuguu cha mchwa, au bomba lililolazwa katika tuta bila udongo unaolizunguka kushindiliwa vizuri. Ndiyo maana mti juu ya tuta ni adui hata kama kivuli chake kinapendwa na wachungaji, na nyasi fupi zenye mizizi ya kusambaa ni rafiki. Maji yanayotoka chini ya tuta yakiwa maangavu huweza kuwa ya kawaida, kwani hakuna tuta lisilovuja hata kidogo. Yakianza kutoka na rangi ya udongo, tuta linasafirisha mwili wake. Hapo maji ya lambo hupunguzwa siku hiyohiyo, na walio chini huambiwa siku hiyohiyo.

Kupanga mabwawa kwa madaraja ni jambo ambalo hueleweka vibaya hata na wanaolisimamia. Iko mipango miwili. Mmoja hupima bwawa: kimo cha tuta, wingi wa maji, eneo la mvua linalolilisha. Mwingine hupima madhara: bwawa hili likikatika, nani atakufa na nini kitaharibika. Kanuni za Kenya za mwaka 2007 zilifuata zaidi mpango wa kwanza. Bwawa lenye kina kisichofika mita 5 na maji yasiyofika mita za ujazo 100,000 lilikuwa la daraja A, la hatari ndogo. Linalofika mita 5 lakini si 15, na lisilozidi mita za ujazo 1,000,000, lilikuwa daraja B. La juu ya hapo lilikuwa daraja C. Afrika Kusini huchanganya mipango yote miwili: kimo cha tuta upande mmoja, na upande wa pili idadi ya watu wanaoweza kupoteza maisha, yaani hakuna, wasiozidi 10, au zaidi ya 10. Hata hivyo bwawa lisilozidi mita za ujazo 50,000 hubaki nje ya utaratibu huo, isipokuwa limetajwa rasmi.

Uingereza mpaka uliwekwa kwenye mita za ujazo 25,000. Sheria ya kwanza huko, ya mwaka 1930, ilizaliwa na msiba wa kijiji cha Dolgarrog katika Wales, ambako mwaka 1925 watu 16 walikufa baada ya bwawa moja kupasuka na maji yake kulibomoa jingine lililokuwa chini yake. Wales yenyewe imeshusha mpaka huo hadi mita za ujazo 10,000 tangu mwaka 2016. Lambo letu la mita za ujazo 24,000 lingekuwa daraja la chini kabisa kwa kanuni hizo za Kenya, halihesabiwi Afrika Kusini, limekosa kidogo tu kuhesabiwa Uingereza, na linahesabiwa Wales. Maji ni yaleyale. Tofauti hii inaonyesha kwamba mipaka ya ukubwa huwekwa kwa ajili ya ofisi, ili wakaguzi wachache wasielemewe na maelfu ya malambo. Ni sababu ya haki, lakini haimwambii chochote mama anayelala mita 800 chini ya tuta.

Daraja la hatari, likipangwa kwa madhara, halisemi kwamba tuta ni zima au bovu. Tuta jipya lililojengwa kwa ustadi wote linaweza kuwa la daraja la juu kwa kuwa chini yake kuna shule, na gofu la tuta katikati ya pori linaweza kuwa la daraja la chini. Wamiliki hukasirika wakiambiwa lambo lao ni la hatari kubwa, wakidhani wametuhumiwa uzembe. Hawakutuhumiwa, wameelezwa wana majirani gani. Hali ya tuta ni swali la pili, linaloulizwa kando, na mahali ambapo majibu ya maswali yote mawili ni mabaya ndipo pa kuanzia kazi.

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018 bwawa la udongo lililokuwa ndani ya shamba la mtu binafsi huko Solai, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, lilikatika katikati ya masika mazito. Shamba lilikuwa mlimani na vijiji vilikuwa chini. Watu zaidi ya 40 walikufa, wengi wao wakiwa majumbani mwao, na wengi walikuwa watoto. Mwaka huohuo mmiliki, meneja wake na maofisa wa umma walifikishwa mahakamani, na serikali ikaanza kukagua mabwawa mengine ya binafsi katika eneo hilo, ambayo baadhi yake yaliamriwa kupunguzwa maji. Ukaguzi huo ulikuja baada ya maziko. Solai haikuwa na bwawa kubwa kwa vipimo vya dunia, vinavyoanza kuliita bwawa kubwa linapofika kimo cha mita 15. Ilikuwa na mteremko, giza na nyumba.

Marekani iliwahi kufundishwa somo hilohilo. Bwawa la Kelly Barnes katika jimbo la Georgia lilianza kama kizuizi kidogo, likainuliwa kwa udongo mara kwa mara ili kuzalisha umeme, na umeme ulipoachwa mwaka 1957 likabaki kama ziwa la mapumziko, mali ya chuo cha Biblia kilichokuwa chini yake. Alfajiri ya tarehe 6 Novemba 1977 lilikatika baada ya mvua kubwa na kuua watu 39. Georgia haikuwa na sheria ya usalama wa mabwawa. Iliipata mwaka uliofuata. La kutazama hapa ni historia ya tuta lenyewe: liliongezwa kimo tena na tena, kisha likapoteza kazi yake na pamoja na kazi likapoteza mtu wa kulitazama. Matuta ya aina hiyo hayakosekani Tanzania.

Tanzania yenyewe ilipata onyo tarehe 7 Novemba 2022, ukuta wa bwawa la topesumu la mgodi wa almasi wa Mwadui, Shinyanga, ulipokatika na tope kufunika mashamba na makazi. Lilikuwa bwawa la mgodi, lenye mmiliki mkubwa na wahandisi, wala si lambo la mfugaji. Kama hilo liliweza kukatika, lambo lisilo na hata daftari la kumbukumbu halina kinga ya ziada.

Kulipanga lambo katika daraja hakuanzii kwenye tuta. Huanzia chini yake, kwa miguu. Mpimaji hufuata kijito kutoka kwenye mbauti kwenda chini na kuandika kila anachokutana nacho: nyumba na kimo cha sakafu yake juu ya kijito, idadi ya wanaolala humo, kisima, shamba la mpunga, njia ya wanafunzi, kalavati, nguzo ya umeme, lambo jingine. Huuliza saa, kwa sababu mafuriko ya mchana na ya usiku si mamoja. Mchana watu huona na kukimbia. Huuliza pia siku ya gulio na msimu wa vibarua, maana kambi tupu mwezi Agosti inaweza kuwa na familia 10 mwezi Aprili. Kazi hii hufuata bonde mpaka pale ambapo maji yangekuwa yametandaa na kupungua yasiweze tena kumwangusha mtu mzima, nayo maji yanayokwenda kasi humwangusha hata yakiwa ya magotini.

Kalavati zinahitaji jicho la pekee katika Korogwe, mji uliopitiwa na reli ya kutoka Tanga kwenda Moshi na kukutana na barabara kuu. Kila tuta la reli au barabara linalokatiza bonde ni bwawa linalosubiri kuzibwa. Mai Mahiu, nchini Kenya, usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, mafuriko yaliua makumi ya watu, na taarifa za mwanzo zilisema bwawa limepasuka. Baadaye ilielezwa kwamba maji yalikuwa yamejikusanya nyuma ya njia ya maji ya reli iliyozibwa na takataka na miti, kisha yakavunja. Lambo dogo likikatika juu ya kalavati kama hiyo, maji yake yanaweza kusimama, kujikusanya na kutoka mara ya pili yakiwa mabaya kuliko mara ya kwanza. Malambo mawili katika kijito kimoja hayapimwi kila moja peke yake: la juu hubeba daraja la yote mawili.

Orodha hiyo ikiisha, daraja hujitokeza karibu lenyewe. Pasipo mtu, na hasara ikiwa ni ya mwenye lambo tu, daraja ni la chini. Pakiwa na mali za wengine, barabara au chanzo cha maji cha kijiji, ni la kati. Pakiwa na nyumba yenye watu wanaolala, hata moja, ni la juu; ndivyo Marekani inavyohesabu leo, na ni hesabu inayofaa kuigwa. Daraja hilo halikai milele. Kiwanja kimoja kikiuzwa chini ya lambo Kwamndolwa na nyumba ikaezekwa, lambo limepanda daraja siku hiyo bila mmiliki wake kugusa hata koleo. Kwa sababu hiyo anayegawa viwanja ana sehemu yake katika usalama wa bwawa sawa na anayejenga tuta, na ramani ya mipango miji isiyoonyesha malambo yaliyo juu ya mtaa ina kasoro.

Daraja huamua mambo matatu. La kwanza ni mafuriko ambayo utoro wa maji lazima uyamudu. Kanuni za Kenya zilitaka daraja A liweze kupitisha mafuriko ya mara moja kwa miaka 50, B ya miaka 100, na C ya miaka 500. Lugha hiyo huwapotosha wengi, wakadhani mafuriko ya miaka 50 yatasubiri miaka 50. Maana yake ni kwamba kila mwaka yana nafasi moja katika 50, na kwa lambo litakalodumu miaka 30 nafasi ya kuyaona walau mara moja ni karibu asilimia 45. Kwa mafuriko ya miaka 500 nafasi hiyo hushuka hadi asilimia 6 hivi. Utoro uliofaa juu ya pori haufai juu ya nyumba. La pili ni ukaguzi: nani anakagua na mara ngapi. La tatu ni mpango wa dharura, ambao kwa lambo dogo unaweza kuwa karatasi moja yenye namba za simu za wakazi wa chini, za mwenyekiti wa mtaa na za ofisi ya bonde, pamoja na ishara iliyokubaliwa, iwe filimbi au kengele, na kilima cha kukimbilia.

Ukaguzi wa mwenye lambo hauhitaji shahada. Kabla ya vuli na kabla ya masika hutembea juu ya tuta akitazama palipoinama, hutembea upande mkavu akitafuta unyevu, nyufa na mashimo, hufyeka utoro wa maji na kuhakikisha mdomo wake haujazibwa. Wakati wa mvua kubwa hurudi kila siku. Lambo linapojazwa kwa mara ya kwanza, au baada ya kukauka muda mrefu, huangaliwa zaidi, kwani udongo uliopasuka kwa jua hupitisha maji kabla haujavimba na kujiziba. Lenye daraja la juu huongezewa macho ya mhandisi aliyeidhinishwa, na gharama hiyo ni ya mmiliki.

Yapo malambo ambayo hayastahili tena gharama hiyo: yaliyojaa tope, ambayo wamiliki wamehama, ambayo korona zake zilinyamaza zamani. Kuyaacha tu si kuyafunga. Lambo lililojaa tope hubakiwa na nafasi ndogo ya kupokea mafuriko, kwa hiyo maji hupanda upesi zaidi juu ya tuta. Kulifunga ni kulikata kwa makusudi wakati wa kiangazi, maji yakiwa yameshapunguzwa kidogo kidogo: pengo huchimbwa kutoka juu ya tuta hadi sakafu ya kijito cha zamani, kingo zake hulazwa zisiporomoke, tope lililo nyuma hupandwa nyasi, na udongo uliotolewa huwekwa mbali na mkondo. Upana wa pengo hupimwa kwa mafuriko ya masika, ili yapite hapo yote bila kusimama.